Daftari la maswali mia moja: maoni ya mkaguzi wa hesabu

Daftari ninalolieleza hapa nililinunua mjini Moshi mwezi wa Januari 2024, katika wiki ile ambayo ndugu zetu waliokuja kula Krismasi vihambani, kwenye mashamba ya ukoo, walikuwa wamekwisha kurudi Dar es Salaam, na maduka ya karibu na Soko la Kati yalikuwa yameanza kujaza rafu zake sare na vifaa vya shule. Nilikuwa nimefuata kaunta buku mbili pamoja na kalamu nyekundu, bidhaa ambazo mtu wa kazi yangu hachoki kuzinunua, ndipo muuzaji, kijana mpole mwenye desturi ya kueleza kila anachokiuza, aliponiwekea juu ya meza daftari dogo lililovikwa jalada la kitenge na kuniambia, "Mama, hili si la kuandikia hesabu. Hili ni la kujiuliza." Bei yake ilikuwa shilingi 18,000, ambayo ilizidi bei ya kaunta buku zote mbili nilizokuwa nimezishika, na ninakiri kwamba kilichonifanya nitoe fedha ni lile neno lake la mwisho kuliko daftari lenyewe.

Ndani yake mna maswali 100, kila swali likiwa juu ya ukurasa wake, na chini yake mistari saba ya kujibia. Hakuna jina la mtungaji wala la kiwanda kilicholichapa. Kuna dibaji ya kurasa mbili, utepe wa kuwekea alama, na mfuko wa karatasi uliogandishwa ndani ya jalada la nyuma, ambao sikuujua kazi yake mpaka mwezi wa tatu. Nimelijaza kwa miezi mitatu, kwa kawaida usiku watoto wakiwa wamelala, mara chache ofisini saa ya chakula, na ninaandika maoni haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kununua daftari la aina hii kwa ajili yake au kwa ajili ya kumzawadia mtu.

Yanipasa kwanza kueleza ninatazama nikiwa nimesimama wapi. Kwa miaka 19 nimekuwa mkaguzi wa ndani wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, na kanuni ya kwanza tuliyofundishwa katika kazi hii ni kwamba mtu hakagui kazi aliyoifanya mwenyewe. Aliyeandika vocha haidhinishi malipo, aliyeidhinisha hashiki fedha, na anayeshika fedha haachiwi leja. Daftari la kujihoji linavunja kanuni hii hata kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa: anayeuliza ni wewe, anayejibu ni wewe, anayepokea ripoti ni wewe, na ikitokea ripoti ikakuchukiza, anayeweza kuichana bila kuulizwa ni wewe. Nilikwenda nalo nyumbani nikiwa na shaka hiyo, nikitaka kuona kama limo swali lolote linaloweza kumbana mtu ambaye ni mshitakiwa na hakimu kwa wakati mmoja.

Kuhusu kitu chenyewe sina mengi. Karatasi ni nzito ya kutosha na wino haupenyi upande wa pili. Nakala yangu ilikuwa imegandishwa kwa gundi tu, na nilipofika swali la 40 kurasa zilikuwa zimeanza kuachia. Nilipolalamika dukani nilionyeshwa kwamba ziko pia nakala zilizoshonwa kwa uzi, kwa bei ileile, isipokuwa siku ya kwanza hakuna aliyeona haja ya kunieleza. Kosa jingine la uchapaji ni kwamba swali la 64 halipo. Namba ipo, mistari saba ipo, lakini mahali pa swali ni peupe.

Dibaji nayo ina kosa lisilofaa kuachwa. Inadai kwamba maswali 30 ya mwisho yalitungwa na mwandishi wa Kifaransa Marcel Proust, na ukweli ni kwamba Proust hakuyatunga bali aliyajibu. Katika karne ya 19 ulikuwapo mtindo nchini Uingereza, ambao ulivuka pia kwenda Ufaransa, wa vijana wa nyumba zenye uwezo kuwa na albamu za maungamo, yaani vitabu vilivyochapwa maswali yaleyale kwa kila mtu, kama vile sifa unayoipenda zaidi kwa mwanamke, kosa unalolisamehe upesi na mahali ambapo ungetamani kuishi, na mgeni akifika hupewa kitabu ajibu, kama sisi tunavyompa mgeni kitabu cha wageni atie sahihi. Proust alijibu katika albamu ya rafiki yake Antoinette Faure mnamo mwaka 1886, akiwa kijana mdogo, akajibu tena maswali ya namna hiyo alipokaribia miaka 20, na umaarufu alioupata baadaye ndio uliofanya maswali hayo yaitwe kwa jina lake. Sisemi haya kwa ubishi wa kisomi. Historia hiyo inaeleza udhaifu wa maswali yenyewe, kwa kuwa yalitungwa kwa ajili ya sebule, yajibiwe na kusomwa na wengine chai ikinywewa, na mtu anayejua kwamba jibu lake litasomwa hujibu ili apendeze.

Nami nilijibu ili nipendeze, ingawa hapakuwa na mgeni sebuleni. Swali la 1 linasema, "Jieleze kwa maneno matatu," nami niliandika kwamba mimi ni mwaminifu, mchapakazi na mkweli. Niliposoma siku iliyofuata niliona kwamba mawili kati ya maneno hayo yanakaribia kuwa neno moja, na kwamba yote matatu yangeweza kunakiliwa kutoka katika wasifu wa marehemu yeyote anayezikwa Jumamosi hapa Kilimanjaro. (Katika maisha yangu yote sijasikia wasifu wa marehemu uliosema kwamba alikuwa bahili, na hali mabahili hufa kama watu wengine.) Jambo la pili nililoliona lilikuwa mwandiko. Katika kurasa 20 za kwanza mwandiko wangu ni mzuri kupita kawaida yangu, herufi zimesimama na hakuna neno lililokatwa, na kwa uzoefu wangu ofisini ukurasa msafi kupita kiasi ni ukurasa ulioandikwa upya kwa ajili ya mkaguzi. Daftari halina kufuli, binti yangu yuko kidato cha tatu na anasoma kila kilichoandikwa, hata maelezo ya nyuma ya pakiti ya sabuni. Bila kukusudia nilikuwa namwandikia yeye.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu katika shule ya serikali, alicheka nilipomwonyesha swali la 7, "Je, wewe ni mtu mwaminifu?" Alisema swali hilo amelijibu kila mwaka wa utumishi wake. Alikuwa anakusudia fomu za OPRAS, ule utaratibu wa wazi wa kupima utendaji ulioletwa katika utumishi wa umma mwaka 2004 na ambao siku hizi umepishwa na mfumo wa kompyuta, ambapo mtumishi alijipa alama mwenyewe kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 5, kisha msimamizi wake akatoa alama zake, kisha wawili hao wakaandika alama waliyokubaliana. "Mama, mimi sijawahi kukutana na mwalimu aliyejipa 4," alisema. Lakini fomu hiyo, pamoja na kasoro zake zote, ilikuwa na kitu ambacho daftari langu halina, nacho ni ile safu ya pili, safu ya mtu mwingine.

Wapo waliolishughulikia tatizo hili kitaalamu. Mwaka 1960 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Douglas Crowne na David Marlowe, walitoa orodha ya sentensi 33 za kujibiwa kweli au si kweli, ambazo shabaha yake haikuwa kujua habari zinazotajwa bali kujua kama anayejibu anajipamba. Anayedai, kwa mfano, kwamba hajawahi kumchukia mtu yeyote sana, anaruhusiwa kudai hivyo mara moja. Akidai mambo mengi ya namna hiyo kwa mfululizo, mtafiti anajua kwamba majibu yake mengine pia yanapaswa kupokelewa kwa tahadhari. Ni mtego wa halali kabisa, na sisi wakaguzi tunao wa kwetu, lakini katika maswali 100 ya daftari hili sikuukuta hata mmoja. Maswali mengi, nadhani zaidi ya nusu, yanauliza wewe ni nani, na swali la wewe ni nani halina vocha. Ukiulizwa kama una huruma utasema unayo, wala hakuna karatasi itakayotolewa kukupinga.

Yapo hata hivyo maswali machache ya aina nyingine, na hayo ndiyo yanayofanya nisiseme kwamba nilitupa shilingi 18,000. Swali la 41 linauliza, "Mara ya mwisho kuomba radhi ilikuwa lini, kwa nani, na kwa kosa gani?" Tazama lilivyojengwa: linataka tarehe, linataka jina, linataka kosa, kwa hiyo halijibiki kwa sifa. Niliketi nalo karibu saa nzima. Nilikumbuka mara nyingi nilizosema "samahani" kwa kumkanyaga mtu kwenye daladala, lakini radhi yenyewe, ya kumtazama mtu na kulitaja kosa, ya mwisho niliyoweza kuithibitisha ilikuwa ya mwaka 2019, na tena ilikuwa kwa bosi. Niliiandika hivyo. Huo ndio ukurasa wa kwanza ambao mwandiko wake ni mwandiko wangu.

Kisha likaja swali la 58: "Taja kitu kilichomo nyumbani mwako ambacho si chako." Niliandika "hakuna", nikafunga daftari, nikalala. Siku ya tatu, nikiwa ninarudi kutoka kazini kwa njia ya Majengo, nilimpungia mkono fundi mmoja aliyekaa barazani akishona sare, na mkono wangu haujashuka nikaitambua cherehani aliyokuwa anaitumia. Ni cherehani ya miguu ya dada yangu. Alipohamia Mwanza kumfuata mumewe mwaka 2011 aliiacha kwangu, akasema niitumie mpaka atakapoifuata. Niliitumia kidogo, kisha tangu Machi 2018 nikaikodisha kwa fundi huyu kwa shilingi 15,000 kwa mwezi, na fedha hiyo nilikuwa naipokea, naitumia kwa mboga na nauli, na kama ungeniuliza ningekuambia kwa moyo mkunjufu kwamba ninamtunzia dada cherehani isiote kutu.

Usiku huo nilifanya kile ambacho ningemfanyia mtu mwingine yeyote. Miezi 72 kwa shilingi 15,000 ni shilingi 1,080,000. Nilikumbuka kwamba niliwahi kuitengeneza, nikabadilisha mkanda na vipuri vingine, jumla kama shilingi 85,000, lakini risiti niliyoipata ilikuwa moja tu, ya shilingi 40,000, na mimi ni mtu ambaye nimewakatalia wenzangu matumizi yasiyo na risiti kwa miaka 19. Nilijikatalia 45,000. Salio ninalodaiwa likawa shilingi 1,040,000, nikaliandika chini ya neno "hakuna" bila kulifuta neno hilo, kwa sababu kufuta kwenye leja ni kosa kubwa kuliko kukosea. Karatasi ya hesabu pamoja na risiti nikaviweka kwenye ule mfuko wa nyuma. Ningependa kuamini kwamba mfuko uliwekwa kwa kusudi hilo, ingawa nadhani uliwekwa kwa ajili ya maua yaliyokaushwa.

Nilimsimulia jirani yangu, bibi mmoja Mwislamu mwenye umri wa kuitwa mama yangu, naye hakushangaa hata kidogo. Aliniambia kwamba kwao usemi wa "jihesabuni kabla hamjahesabiwa" unanasibishwa na khalifa Umar ibn al-Khattab, na kwamba kujihoji nafsi kila jioni wanakuita muhasaba. Nilikuwa nimeitwa mhasibu nusu ya maisha yangu bila kufikiri kwamba neno hilo, na neno hesabu lenyewe, vimetoka kwenye shina moja na muhasaba. Kwetu Wakatoliki jambo hili si geni pia: tulipokuwa watoto tulifundishwa kuchunguza dhamiri kabla ya kwenda kutubu, amri baada ya amri, na Ignasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilipata idhini ya Papa mwaka 1548, aliweka uchunguzi huo kuwa kazi ya kila siku. Tofauti ni kwamba katika njia hizo zote mbili yuko anayepokea hesabu. Mwislamu anahesabu akijua ataulizwa, na Mkatoliki anahesabu kwa sababu nyuma ya kimia cha chumba cha kitubio yuko padri atakayempa malipizi. Daftari la kitenge halimpi mtu malipizi. Lilinigundulia deni la milioni moja na arobaini elfu, na asubuhi yake lilinifungulia ukurasa wa 59 likaniuliza ninapenda chakula gani.

Hapa ndipo nilipoamua kutoka nje ya daftari. Katika ukaguzi wa madeni hatuishii kuamini leja ya mkopeshaji. Tunampelekea mdaiwa na mdai barua ya uthibitisho wa salio, ili atuambie yeye mwenyewe, kwa mkono wake, anachokijua. Sikumwandikia dada barua, nilimpigia simu Jumapili jioni.

"Dada," nilimwambia, "nina jambo la cherehani yako."

Alicheka. "Mdogo wangu, ile unayoikodisha? Nimejua tangu mwaka wa kwanza. Nilikwisha kukusamehe."

Nilimsomea hesabu hata hivyo, pamoja na ile risiti moja, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema kwamba fedha hizo nimtumie kidogo kidogo kama nikipenda, lakini kama kweli nimeamua kufungua vitabu, yeye ananidai kitu kingine ambacho hakijawahi kutajwa kati yetu. Mwaka 2016, baada ya mazishi ya mama, kikao cha ukoo kilinipa mimi kusoma mapato na matumizi ya msiba. Nilisoma majina yote ya waliochanga na kiasi cha kila mmoja. Nilikuwa nimeipanga orodha kuanzia kiasi kikubwa kushuka chini, kwa sababu ndivyo jedwali linavyosomeka vizuri. Mume wa dada alikuwa ameachishwa kazi mwaka huo, na yeye, mtoto wa kwanza wa marehemu, alikuwa ametoa shilingi 10,000. "Ulinisoma wa mwisho," alisema, "mbele ya wakwe zangu, kwa sauti ileile."

Baada ya simu hiyo nililipitia daftari upya, kurasa zote nilizokuwa nimejaza, kutafuta kama kuna mahali ambapo swali lilikaribia kunifikisha huko. Swali la 12 linauliza kama umewahi kumdhalilisha mtu, nami nilikuwa nimejibu kwamba kwa makusudi sijawahi. Lakini kilichonitoa jasho ni swali la 33, linalomtaka mtu ataje sifa anayojivunia na kutoa mfano. Nilikuwa nimeandika: uwazi katika fedha za watu. Na mfano niliokuwa nimeutoa, kwa mwandiko ule mzuri, ulikuwa orodha ya msiba wa mama. Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwamo daftarini tangu mwezi wa kwanza, isipokuwa lilikuwa limeandikwa upande wa mali, na hali kwa mwenzangu lilikuwa deni.

Wanafunzi wa ukaguzi hufundishwa tofauti ambayo wengi huielewa baada ya miaka. Ukitoka kwenye vitabu kwenda stoo utagundua kilichoandikwa ambacho hakipo, lakini kilichopo ambacho hakikuandikwa hutakipata mpaka utoke stoo kurudi kwenye vitabu. Daftari hili linatembea njia moja tu. Linaanza na unachokikumbuka juu yako, na likiwa na swali zuri kama la 41 au la 58 linaweza kukukuta umedanganya juu ya unachokikumbuka, nami silidharau hilo, maana limenirudishia adabu ya milioni moja. Haliwezi kamwe kukuuliza juu ya kile ulichokihesabu kuwa wema. Stoo ya habari hizo wanayo watu wengine, na kwa upande wangu iko Mwanza.

Kwa mtungaji, popote alipo, ningependekeza ayaache yale maswali 30 ya sebuleni, ambayo hata Proust aliyajibu kama mchezo wa vijana, na kurasa zake azitumie kuyapa mengine nafasi ya safu ya pili: mistari mitatu ya kujibu mimi, mistari minne ya kujibu mtu ninayemchagua, kwa kalamu yake mwenyewe. Ningemwomba pia alitazame swali la 88 kwa makini zaidi. Linasema, "Eleza siku mbaya kuliko zote maishani mwako," na limewekwa kati ya swali la wimbo uupendao na swali la mji ambao ungependa kuutembelea, likiwa na mistari saba kama mengine. Mwenzangu wa ofisini, aliyenunua nakala baada ya kuiona yangu, alifika hapo akaacha, kwa sababu siku hiyo kwake ni siku aliyomzika mtoto, na mistari saba ni matusi. Kuandika juu ya mambo mazito kunaweza kumsaidia mtu. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne mfululizo, na walioandika tukio la maumivu pamoja na hisia zao walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba mara tu baada ya kuandika watu hao walijisikia vibaya zaidi, si vizuri. Daftari linalomwuliza mtu swali kama hilo saa nne usiku, peke yake, bila neno la tahadhari, halijatunzwa vizuri, na aliye katika msiba mpya ningemshauri asilinunue bali atafute mtu wa kuzungumza naye.

Kila mwaka, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka, nchi nzima huzungumza juu ya hati safi, hati yenye shaka na hati mbaya. Daftari hili ningelipa hati yenye shaka, nikieleza kwamba shaka yangu haiko kwenye maswali yote, na kwamba matano au sita kati yake ni makali kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa na mtu aliye hai. Linamfaa mtu mzima ambaye tayari ana mtu wa kumpigia simu. Kijana ninaogopa litamfundisha kujisifu kwa mwandiko mzuri, na binti yangu, ambaye ameliomba, nimemwambia asubiri.

Ukurasa wa 64, ule usio na swali, niliuacha wazi mpaka mwisho wa Machi. Dada alipokuja Moshi kwa Pasaka nilimpa daftari na kalamu, nikaenda jikoni kuangalia mtori, na niliporudi alikuwa amekwisha kuandika swali mahali pale palipokuwa peupe, kwa herufi kubwa kidogo za mtu asiyeandika mara kwa mara. Mistari saba ya chini yake bado sijaijaza. Fedha za cherehani ninazituma shilingi 80,000 kila mwezi, kwa hiyo malipo 13 yanamaliza deni, na kila karatasi ya muamala inaingia kwenye mfuko wa nyuma.

Atakayelitafuta atalipata katika steshenari za mitaa ya nyuma ya Soko la Kati, na bei bado ilikuwa 18,000 nilipopita wiki iliyopita. Aombe nakala iliyoshonwa kwa uzi, maana ya gundi haivuki swali la 40, na kabla ya kulipa afungue ukurasa wa 64. Muuzaji ameniambia kwamba mzigo mpya ukija kosa hilo litakuwa limesahihishwa, na kwa nakala za zamani anapunguza shilingi 2,000.